Mtani wa Nyumba ya Mawe

Ukifika Kilosa mjini ukaulizia kwa Costancia, hawakuulizi Costancia yupi. Watakuonyesha Nyumba ya Mawe, ng'ambo ya reli ya zamani, na watakuambia utamkuta barazani, maana mama yule hatoki. Si kwamba miguu imemkataa. Miguu anayo, tena ya Msagara wa milimani, ya kupandia na kushukia. Hatoki kwa sababu aliliamini jambo moja kuliko alivyoyaamini mahubiri ya Jumapili kule Anglikana: siku atakayolala nje ya nyumba ile ndiyo siku watakayoiita gofu, na gofu halina mwenyewe.

Nyumba yenyewe ina historia ndefu, nami nitaifupisha, maana wazee wa Kilosa ukiwaachia watakusimulia mpaka ugali upoe. Wajerumani waliijenga kwa mawe na chokaa, wakaifanya ghala la pamba. Waingereza wakaifanya mahakama. Baada ya uhuru ikawa ofisi ya ushirika, na ushirika ulipokufa akabaki mlinzi wake tu, Mzee Yared, baba yake Costancia. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemkumbuka. Wanawe walizaliwa katika vyumba vya uani, Danieli kwanza, kisha Costancia, na mzee alipofariki akawaachia nyumba ambayo haikuwa yake. Hapo ndipo penye shida yote ya maisha ya mwanamke huyu. Mji mzima ulijua kuwa nyumba ile ni ya kina Costancia, isipokuwa sheria.

Aliolewa Kilangali na kibarua wa shamba la mbegu, akafiwa mapema, akarudi nyumbani na mwanawe Jastin mgongoni. Alipika maandazi, aliuza mchele, alimsomesha Jastin mpaka akapata ufundi wa magari huko Mikumi, kwenye gereji ya barabarani. Alikuwa mtu wa kauli moja, asiyependa kuonewa huruma, na ulimi wake ulikuwa na pilipili. Danieli yeye hakuoa. Alikata mkonge Rudewa mpaka kazi ilipokwisha, na uzeeni kiharusi kikamwangusha. Tangu hapo alilala katika chumba cha mwisho cha uani, upande mmoja wa mwili umekufa, mdomo umekwenda kombo, maneno yakimtoka kwa shida. Costancia alimwogesha, alimnywesha uji, alimgeuza ubavu. Sitaki mtu aje aniambie kwamba hakumpenda kaka yake. Alimpenda, na ndiyo maana hadithi hii ni nzito kuisema.

Na huwezi kumsema Costancia usimseme Joha. Joha alikaa nyuma ya Nyumba ya Mawe, akiuza dagaa na nyanya mlangoni kwake. Ni Mnyamwezi, babu yake aliletwa kutoka Tabora kufanya kazi ya reli, akasahau kurudi. Wanyamwezi na Wasagara ni watani tangu enzi za misafara ya miguu, hilo linajulikana, na mtani hana mpaka. Atakutukana mbele ya wakwe zako, ataingia jikoni ajipakulie mboga, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa, unatozwa kuku. Kila asubuhi Joha alipita barazani na kusema, "Mtumwa wangu, kumbe umeamka? Mimi nilikuja kuzika." Costancia naye humjibu, "Mbeba mizigo wewe, furushi la bwana wako umelitupa wapi?" Wapita njia hucheka, na siku inaanza. Hakuna mtu aliyekuwa karibu na Costancia kuliko Joha, hata Jastin wake.

Basi ikaja habari kwamba mji unautaka uwanja ule kwa vibanda vya biashara. Treni ya umeme ilikuwa imeanza kupita, wageni wanaongezeka, na kila mtu anaota duka. Walikuja watu na tepu, wakapima kutoka reli mpaka barazani, wakaondoka. Costancia siku ile hakula. Jioni yake alimwambia Danieli, "Tutakwenda wapi sisi?"

Aliyeleta matumaini ni Optatus, kijana wa mambo ya utamaduni pale wilayani, mstaarabu, mwenye kupenda vitu vya kale kuliko wengi wa rika lake. Alimwamkia Costancia vizuri, akakaa kwenye kigoda, akamweleza. Nyumba ya umri ule inaweza kutangazwa kuwa jengo la kihistoria. Ikishatangazwa, inalindwa na sheria, hakuna wa kung'oa hata jiwe moja.

"Na sisi tuliomo?" Costancia akauliza.

"Nyinyi mtabaki kama waangalizi, mama. Nyumba bila mtu hufa. Hilo nitalisimamia mwenyewe." Kisha akaongeza, "Lakini lazima iwe nzima. Wataalamu wakija wakaikuta inaanguka, wataandika kwamba ni hatari kwa watu. Na jengo la hatari, kwa hapa mjini, najua mwisho wake."

Sentensi hiyo ilimwingia Costancia na haikumtoka. Lazima iwe nzima.

Wa kwanza kuuona ukuta alikuwa Joha. Alikuwa akipita uani na ndoo ya maji, akasimama, akautazama ukuta wa chumba cha Danieli kwa nje, kisha akaja mpaka barazani ambako wateja wa maandazi walikuwa wamejaa. "Mtumwa wangu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka relini, "ukuta wako una mimba. Mwenyewe ni nani?" Watu walicheka wakashika mbavu. Costancia alicheka kuliko wote, akamrushia andazi.

Wateja walipoondoka alizunguka nyuma akatazama. Ukuta ulikuwa umetoka tumbo. Mawe ya katikati yalikuwa yamesukumwa nje kidogo, kidogo tu, na chokaa baina yake imepauka na kuwa unga. Aligusa kwa kidole. Unga ukamwagika ukaendelea kumwagika, hata alipokuwa ameshaondoa kidole. Alisimama pale mpaka uliponyamaza, akaingia ndani kupika.

Kuanzia hapo Costancia aliishi na siri. Ndani ya chumba cha Danieli ufa ulishuka kutoka darini hadi nyuma ya kitanda. Aliuziba kwa udongo na majivu, akapaka chokaa nyeupe juu, na chokaa ilipokauka ufa ukajichora upya. Akasogeza kabati la nguo akalisimamisha mbele yake. Kwa nje alipanga kuni, akazipandisha mpaka zikalifunika lile tumbo lote. Mwenye kupita aliona mama mwenye bidii aliyejiwekea kuni za masika. Mlango wa chumba ulianza kukwama; ilibidi kuusukuma kwa bega. Ukikaa kimya mle ndani ulisikia mchanga ukichuruzika nyuma ya kabati, unakoma, unaanza tena.

Danieli alisikia zaidi, maana yeye hakuwa na kazi nyingine. Siku moja akiwa analishwa uji alikishika kile kijiko kwa mkono wake mzima, akakizuia. "Inahema," akasema.

"Nini inahema?"

Akaelekeza macho kwenye kabati.

"Ni panya, kaka. Kula."

Jastin alipopata habari za ukuta, kwa kuwa Joha alimpigia simu, alikuja kutoka Mikumi na gari la kuazima. Alisema hakuna maneno, mjomba anapakiwa leo hii, Mikumi kuna chumba. Costancia alisimama mbele ya gari. Ukimwondoa mgonjwa, alisema, watu watauliza kwa nini, na jibu litafika wilayani kabla gari halijafika Ulaya. Ulaya ndicho kijiji cha njiani, usidhani nakuchezea. Wataalamu walikuwa wanakuja. Baada ya hapo, nyumba ikishalindwa, wenyewe wataleta mafundi wao, kila kitu kitarekebishwa kisheria. "Nivumilieni kidogo tu," akasema, na mwanawe, ambaye hakuwahi kumshinda mama yake kwa lolote, akageuza gari.

Mimi sina ugomvi na hesabu yake. Ilikuwa hesabu ya mtu aliyebanwa. Ila katika hesabu hiyo alimweka Danieli upande wa kusubiri.

Wataalamu walifika siku ya mawingu. Optatus aliwaongoza, wakapiga picha milango, wakapima kuta za mbele, wakasifia matao ya baraza. Costancia alikuwa amefagia mpaka uwanja unang'aa, amepaka chokaa hadi mawe ya ukingo wa njia, kama tunavyofanya sote akija mgeni. Kiongozi wao, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alikuwa anaelekea uani Joha alipotokea na khanga yake kiunoni.

"Mnaandikisha maiti," Joha akasema. "Hamna habari? Nyumba hii imekufa, huyu mtumwa wangu anaiogesha tu ipendeze. Njooni nyuma muone ilivyovimba, mtoe kuni zile muone."

Yule mama mwenye miwani alisimama. "Anasema nini huyu?"

Hapo palikuwa na nafasi. Neno moja tu lingetosha, hata kunyamaza kungetosha. Costancia alicheka, kicheko chake kile cha barazani. "Huyu? Msimjali, dada zangu. Huyu mtani wetu, Mnyamwezi. Asubuhi alishanizika mimi mwenyewe."

Uso wa mgeni ukafunguka. "Kumbe Mnyamwezi! Mimi Mzaramo, hawa nawajua, hawana dogo." Wakaanza kutupiana wenyewe kwa wenyewe, Mzaramo na Mnyamwezi, wataalamu wengine wakicheka, na Joha, wallahi, alijaribu kurudi kwenye neno lake. Alisema, "Sikilizeni, nasema kweli," na wakacheka zaidi, maana ndivyo mtani asemavyo akitaka kukumaliza. Mlangoni kwa Danieli walisimama kwa heshima, wakampa pole mgonjwa bila kuingia. Manyunyu yakaanza, wakakimbilia gari.

Danieli alikuwa amenyanyua mkono wake mzima. Walidhani anawaaga, wakampungia.

Jioni ile Joha hakuja na matusi. Alikaa jikoni kwa Costancia, akatazama moto. "Umenitumia," akasema.

"Utani ni utani."

"Nilikuwa sitanii, nawe ulijua."

Costancia alikoroga mboga. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba mwenye mahali pake ndiye awezaye kusema habari za kuhama, na kwamba Joha ana kibanda chake chenye hati. Joha aliinuka akaenda zake bila kula.

Masika yakaingia kwa nguvu. Huku kwetu mvua haitishi kwa kunyesha mjini. Inatisha kwa kunyesha milimani, ambako huioni. Unaona tu mto Mkondoa umebadilika rangi, na ardhi inaanza kutoa maji kwa chini. Uani pakawa tope. Kuni zilizopangwa ukutani zikaanza kuinama kwa nje, polepole, kama mtu anayezisukuma kwa mgongo. Costancia alizirudisha, zikainama tena. Akazifunga kamba.

Katika mvua hizo hizo habari ikafika: Nyumba ya Mawe imekubaliwa. Imetangazwa. Optatus alikuja analoa, anatabasamu mpaka magego, na Costancia, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia hata kwenye msiba wa mumewe, alikaa chini kwenye sakafu ya baraza akalia. Alikwenda kwa Danieli akamshika shavu. "Tumepona," akamwambia. "Hatutoki tena humu." Danieli alifumba macho.

Ilibaki sherehe ya kusimika kibao, na mkubwa mmoja angetoka Morogoro kuja kukizindua. Mafundi, alisema Optatus, watafuata baadaye kidogo, kukagua na kutengeneza panapohitaji. Kwa hiyo lilibaki jambo dogo tu, kuivusha siku ile.

Asubuhi ya sherehe mvua ilikatika na jua likatoka kali. Waliokwisha kuishi na nyumba za mawe na udongo watakuambia kuwa hilo ndilo jua baya, maana hukausha ghafla kilicholowa mpaka kikaachana. Kwaya ya akina mama ilikuwa imeshajipanga, viti vimekodiwa, ngoma zinapashwa moto. Joha alikuja kwa mlango wa uani na blanketi mkononi. Hakusema mtumwa wangu.

"Costancia," alisema. "Tumtoe Danieli. Mimi na wewe tu, tunambeba kwenye hili blanketi mpaka kwangu. Hatua chache. Hakuna atakayejua."

"Leo?"

"Sasa hivi. Nimetoka kuutazama. Kamba zako zimekatika."

Costancia alitazama uani. Palikuwa na watu. Wapishi wa pilau walikuwa wameinjika masufuria pale pale, vijana wanapita na viti, dereva wa gari la wageni anaosha magurudumu. Akaona kwa macho ya moyo wanawake wawili wanamtoa mgonjwa mbio kutoka nyumba inayosifiwa, na wote wanageuka, na mmoja anauliza. Akanyoosha mikono akashika miimo yote miwili ya mlango wa Danieli.

"Wageni wakishaondoka," akasema.

"Costancia."

"Wageni wakishaondoka, Joha. Naapa. Wakipanda gari tu, tunamtoa."

Joha alijaribu kupita chini ya mkono wake, Costancia akaubana mlango kwa mwili. Wapishi waliwaona, wakaanza kucheka. "Haya, watani wameanza," akasema mmoja wao, na mwingine akapiga kigelegele. Ndani, Danieli aliita kitu. Neno halikutoka vizuri. Costancia akauvuta mlango, ukakwama nusu, akauacha hivyo, akaenda mbele kuvaa kitenge kipya. Joha aliwaomba wapishi mkono, maana peke yake hakumweza Danieli, nao wakazidi kucheka.

Costancia alikalishwa karibu na mkubwa. Kwaya iliimba, Optatus akasoma historia, ghala, mahakama, ushirika, na alipolitaja jina la Mzee Yared mlinzi watu walipiga makofi. Mkubwa akasimama. Alikuwa anasema juu ya mataifa yanayotunza vya kale vyao pale kishindo kiliposikika kutoka uani. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kama cha magunia ya mahindi yanaposhushwa garini, moja, kisha mengine kwa pamoja. Wengi hawakugeuka. Mkubwa akaendelea na hotuba yake.

Pale mbele Costancia peke yake alijua ni nini. Na alikaa. Siongezi chumvi, hata yeye hajakana. Alikaa na mikono juu ya kitenge chake mpaka yule mtu akamaliza alichokuwa anakisema, mpaka pazia likavutwa kutoka kwenye kibao, mpaka makofi. Vumbi jeupe lilikuwa limeshatokea juu ya bati. Ndipo wapishi wakaanza kupiga kelele.

Waliomfukua Danieli ni Joha na vijana wa viti. Alikuwa chini ya kabati, na juu ya kabati ukuta. Joha ndiye aliyemfunika kwa lile blanketi.

Mazishi yalikuwa kesho yake. Na kwenye mazishi ya Msagara, mtani ana kazi yake: anachekesha. Anavaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake, anawaingilia wafiwa katikati ya kilio mpaka wacheke, kwa sababu kifo kisipochekwa kinakaa nyumbani. Watu walimsubiri Joha. Wakati jeneza linateremshwa alijitokeza, amevaa kofia ya Danieli. Lakini hakumwigiza Danieli. Alisimama kwenye ukingo wa kaburi, akanyoosha mikono yake miwili kama anashika miimo ya mlango, akakaza shingo vile vile afanyavyo Costancia, akatoa sauti ile ile.

"Wageni wakishaondoka!" akasema. "Naapa! Wakipanda gari tu!"

Makaburini kote watu waliangua kicheko. Alimpatia hasa, wapishi waliokuwepo walicheka mpaka machozi, na hata mchungaji aligeuza uso. Joha akarudia, na wakacheka tena. Jastin naye alicheka, maskini, macho yamevimba. Na Costancia, kwa kuwa mfiwa akimnunia mtani ni aibu kwa ukoo mzima, alifungua mdomo akacheka pamoja nao. Joha aliivua ile kofia, akaitupia kaburini, akachukua kuku wake wa desturi, akaondoka.

Nyumba ya Mawe ipo. Upande wa mbele ni imara, kibao kinang'aa, hakuna wa kung'oa hata jiwe moja, na Costancia ndiye mwangalizi wake kama alivyoahidiwa. Uani wamezungushia utepe wakisubiri mafundi. Kila asubuhi Joha hupita barazani na beseni lake la dagaa. Hasimami. Humwambia "Shikamoo, mama," kwa adabu, macho chini, kama mtu anavyomwamkia mzee asiyemfahamu. Wapita njia wanasema uzee umewatuliza. Costancia huitikia marahaba, na Joha huendelea na njia yake.